Springi za gari la urithi: zikaguliwe vipi, na zibadilishwe lini

Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara limo, au liliwahi kuwamo, gari kuukuu ambalo hakuna anayethubutu kuliuza. Kwetu sisi ni Land Rover ya Series III, ile ndefu yenye inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo marehemu baba yetu aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Gari hilo lilibeba magunia, wagonjwa wa usiku wa manane, maharusi, na mara nyingi mno majeneza ya majirani kuelekea makaburini. Mzee alipofariki, warithi tuliridhiana kwamba lisiuzwe, libaki nyumbani kwa mama litumikie familia nzima. Tulijiona tumefanya jambo la busara. Hatukujua kwamba pamoja na gari tumerithi springi zilizokwisha kazi yake.

Tulilijua hilo katika barabara ya mlimani itokayo Mombo kwenda Lushoto. Mama alikuwa amekaa mbele, watoto wamejazana nyuma pamoja na mizigo yao. Katika kona moja ulisikika mlio mkali chini ya sakafu, gari likainama upande wa kushoto na nyuma yake ikahama kama ng'ombe anayevutwa mkia. Alhamdulillahi, tulikuwa tukipanda, mwendo ulikuwa wa pole. Laiti tungekuwa tunateremka, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, na si katika ukurasa huu.

Fundi mzee wa Mombo aliyelala chini ya gari lile jioni hiyo hakuchukua dakika tano. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba akiwa bado chini, kisha akasema: "Wanangu, springi hii haikuvunjika leo. Imevunjika zamani. Leo kilichokatika ni chuma cha kuchomelea." Miezi michache nyuma tulikuwa tumelipeleka gari katika gereji moja, tukalipa, tukaambiwa springi imetengenezwa. Kumbe bamba kuu lilikuwa na ufa karibu na jicho lake, nao wakaliunganisha kwa moto na kulipaka rangi nyeusi. Tuliondoka pale tukishukuru.

Usiku ule, nyumbani kwa wenyeji wetu, kaka yetu mkubwa alitamka wazi kwamba gari liuzwe kama chuma chakavu na asipande tena mtoto yeyote. Mama hakujibu. Nasi tulijua kwamba kaka ana hoja, kwa maana mapenzi ya gari la marehemu si sababu ya kuwahatarisha walio hai. Tulimwomba muda wa kujifunza jambo lenyewe kabla ya kukata shauri. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyojifunza katika muda huo, kwa mafundi na kwa mikono yetu wenyewe, tukitaraji yatawafaa wenye magari ya namna hiyo.

Springi ya mabamba ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Ilitoka katika magari ya kukokotwa na farasi, na mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipewa hataza ya springi za mabamba yaliyokabiliana kama midomo miwili. Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na springi moja iliyokingama mbele na nyingine nyuma. Kampuni ya Rover ilipoonyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, gari lile lilisimama juu ya springi nne za mabamba, moja kwa kila gurudumu, na mpango huo haukubadilika hadi Series III ilipokoma kuundwa mwaka 1985. Wakati huo ndugu yake One Ten alikuwa amekwisha kutoka mwaka 1983 akiwa na springi za koili. Hata hivyo magari ya zamani hayakufa. Katika Cameron Highlands huko Malaysia wakulima wa mboga wameyatumia kwa miongo mingi katika njia zao za milimani, na Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lao, nyingi zikiwa zimefika kwa miguu yake zenyewe.

Ubora wa springi hii ni kwamba inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza inabeba uzito, na pili, jambo ambalo wengi hulisahau, inaishika ekseli mahali pake. Katika gari la springi za koili kuna vyuma vingine vinavyozuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Katika Land Rover ya zamani kazi hiyo ni ya bamba kuu peke yake. Bamba hilo la juu limekunjwa pande zote mbili kuwa macho mawili. Kwa springi ya nyuma, jicho la mbele hufungwa moja kwa moja kwenye chesisi na jicho la nyuma hushikwa na shakeli, kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikikandamizwa hurefuka na lazima ipate pa kwenda. Chini ya bamba kuu hupangwa mabamba mengine, kila moja fupi kuliko la juu yake, yote yakaunganishwa katikati na senta bolti. Kichwa cha bolti hiyo huingia katika tundu la kikalio cha ekseli, kisha yubolti hufunga springi na ekseli vikawa kitu kimoja. Kwa hiyo jicho la mbele likikatika, ekseli upande ule haina tena mwenyewe. Ndiyo maana nyuma ya gari letu ilihama.

Mtu asiye fundi anaweza kugundua mengi kabla hajalipa senti. Gari lisimamishwe mahali tambarare, tairi zote zikiwa na upepo unaostahiki, bila mizigo. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, upande wa kulia na wa kushoto, mbele na nyuma, uandike. Tofauti ndogo isikutishe, kwani gari kongwe huwa limegongwa na kunyooshwa. Tofauti ya vidole viwili au vitatu ina maana. Kisha tazama umbo la springi. Nyingi zikiwa mpya huwa na mkunjo ulio dhahiri, nazo zikichoka hunyooka, na zilizochoka kupita kiasi hujikunja kinyume gari likipakiwa. Tazama pia kile kizuizi cha mpira kilichopo baina ya ekseli na chesisi. Mpira uliopondeka au kung'aa kwa kugongwa unakueleza kwamba springi haizuii tena kitu, bali mpira ndio unaopokea kipigo.

Baada ya hapo chukua tochi na brashi ya waya. Safisha kila bamba, kwa maana ufa hujificha chini ya tope na grisi. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaokata bamba kwa mapana yake ni wa kutiliwa shaka. Mahali pa kuangalia zaidi ni karibu na macho, katika ncha za mabamba mafupi yanapokanyaga yale ya juu, na katikati karibu na tundu la senta bolti. Angalia vile vibano vya pembeni vinavyoyazuia mabamba yasitawanyike, kwa sababu vikikosekana, gari linaporuka juu bamba kuu hubeba mzigo peke yake. Ingiza nondo fupi karibu na kila jicho ulitikise, na bushi ikiwa imekwisha utaona chuma kikicheza ndani ya chuma. Mwambie mwenzako aliendeshe gari polepole katika njia nyoofu nawe usimame nyuma yake. Likionekana linakwenda upande kama kaa, huenda senta bolti imekatika na ekseli imeteleza juu ya kikalio chake.

Sisi tulipomaliza kukagua hivyo, hesabu ilikuwa hii: bamba kuu moja limekatika, mabamba mawili ya springi ya kulia nyuma yana nyufa, bushi zote nane za nyuma na za mbele tulizoweza kuzifikia zimelegea, na kibano kimoja hakipo. Kaka alisoma karatasi ile akasema, "Sasa mnaona." Tuliona.

Yapo mambo matatu yanayofanywa sana katika gereji zetu ambayo, kwa maoni yetu, yakomeshwe.

La kwanza ni hilo la kuchomelea. Chuma cha springi si chuma cha dirisha. Kimetiwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo maalumu ili kiwe kigumu na wakati huo huo kikubali kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huharibu kipimo hicho. Karibu na kiungo chuma huwa kikavu kama kigae, na hatua chache kutoka hapo huwa laini. Kitadumu wiki au miezi, kisha kitakatika pasipo kuaga. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeipasha springi moto wa gesi ili kuirudishia mkunjo. Inainuka, mwenye gari anafurahi, na baada ya muda mfupi imelala tena. Kuna mafundi wanaoikunja upya springi ikiwa baridi, bamba kwa bamba, na kazi hiyo ikifanywa na mjuzi inaweza kuliongezea gari muda. Lakini chuma kilichochoka kimechoka, na mkunjo hauondoi uchovu.

La pili ni kuongeza mabamba ya gari jingine. Mtu akiona nyuma imelala, huambiwa aongeze bamba moja au mawili ya lori. Gari huinuka kweli, lakini likiwa tupu hurukaruka kama mkokoteni, tairi hukosa kushika barabara yenye mawe, na kipigo ambacho springi ingekimeza huhamia kwenye chesisi. Chesisi ya Land Rover imetengenezwa kwa vyuma vya bapa vilivyounganishwa vikawa sanduku lenye uwazi ndani, nayo huoza kutoka ndani bila kuonekana, hasa kwetu sisi wa pwani tunaovuta hewa ya chumvi. Sehemu zinazoshika springi ni miongoni mwa zinazooza mapema. Ukiweka springi ngumu juu ya chesisi iliyooza, umeihamisha hatari tu. Kabla ya kununua springi yoyote, gonga sehemu hizo kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo itaingia ndani.

La tatu ni kumwagia springi oili chafu iliyotoka kwenye injini. Wazee wetu walifanya hivyo, na nia yao ilikuwa njema, kwa kuwa mabamba yaliyokauka kwa kutu hushikana na gari likawa gumu. Lakini oili ile hunasa mchanga ukawa kama msasa baina ya mabamba, huharibu mpira wa bushi, na ikifika kwenye breki za ngoma matokeo yake hayahitaji maelezo. Magari ya fahari ya Ulaya ya miaka ya 1920 na 1930 yalivishwa mifuko ya ngozi juu ya springi ili kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Waliokuwa na fedha walijua kwamba usafi ni nusu ya kazi.

Njia iliyo sawa ni ndefu kidogo. Springi hutolewa, mabamba hutenganishwa, kila moja husuguliwa kutu na kukaguliwa, kisha hupakwa rangi nyembamba, na pale yanapogusana hutiwa grisi yenye grafaiti kwa uchache. Senta bolti huwekwa mpya daima, nayo inunuliwe bolti ya ugumu unaofaa kazi hiyo, si ile ya kwanza inayopatikana kwenye kopo la fundi. Kutenganisha mabamba kufanywe springi ikiwa imebanwa kwa jiriwa au kilemba imara, kwa sababu senta bolti ikifunguliwa mabamba hutaka kuruka.

Wakati wa kuitoa springi, chesisi ikae juu ya stendi imara, na ekseli ishikwe na jeki yake peke yake. Hakuna anayepaswa kulala chini ya gari linaloshikwa na jeki tupu, hata kwa dakika moja. Shida kubwa ya kazi hii ni bolti za shakeli. Kutu huziunganisha na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na wengi huzipiga nyundo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Wajue kwamba katika Land Rover hizi kipande kimoja cha shakeli kina nyuzi ndani yake, hivyo bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa baada ya kulegeza nati, haigongwi ikatoka. Sisi tulikata bolti tatu kwa msumeno wa chuma, na kijana aliyetusaidia alitokwa na jasho kuliko siku ya kuchimba kisima.

Bushi mpya zina siri moja. Mpira wake umegandana na mabomba mawili ya chuma, la ndani na la nje, na springi inapocheza mpira ndio unaojinyonga. Ukikaza bolti gari likiwa bado limening'inia, mpira utafungwa ukiwa katika hali ya kuning'inia, na gari likishushwa utakuwa umenyongwa siku zote hata likiwa limesimama. Utachanika mapema. Kaza kidogo, shusha gari juu ya magurudumu yake, litikise mara chache, ndipo ukaze kabisa. Fundi wetu aliijua kanuni hii. Yule wa gereji ya kwanza, kwa jinsi bushi zilivyochanika, hatudhani aliijua.

Sasa tuje kwenye uboreshaji, kwa kuwa mwenye gari kongwe hupata washauri wengi. Zipo springi za aina iitwayo paraboliki, ambazo kila bamba ni nene katikati na jembamba kuelekea ncha, na mabamba hayo hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Springi moja huwa na mabamba mawili au matatu badala ya rundo. Msuguano hupungua mno, na anayepanda gari lenye springi hizo hushangaa jinsi lilivyo laini. Lakini msuguano ule uliopotea ulikuwa na kazi yake, nayo ilikuwa kuituliza springi isiendelee kubembea. Kwa hiyo atakayeweka paraboliki sharti aweke na shokapu nzuri, tena za urefu unaolingana, ama sivyo gari litakuwa kama mtumbwi. Na asipakie kupita kipimo chake. Kwa mtu anayetumia gari kwa matembezi na watu wanne, tungesema aziweke bila kusita kama ana uwezo.

Kuhusu kuweka shakeli ndefu ili gari liinuke na kupendeza, tunawaombea vijana wetu subira. Ukirefusha shakeli za mbele umegeuza pembe ya ekseli, na pembe hiyo ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Gari litatangatanga barabarani, na mwenyewe atalaumu usukani.

Gari letu hubeba watu wengi na mizigo, na njia zetu ni za kijiji, hivyo tulichagua springi mpya za muundo wake wa asili kwa pande zote mbili za nyuma. Hapa tunaomba wasomaji wazingatie: katika Land Rover hizi springi ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa abiria. Ya dereva ina mkunjo zaidi. Muuzaji alituletea mbili za upande mmoja akaapa kwamba hakuna tofauti. Tulizilaza sakafuni, moja ubavuni mwa ile ya zamani ya kulia, tukamwonyesha, akabadilisha moja. Springi hubadilishwa kwa jozi, isije moja ikawa kijana na nyenzake mzee. Yubolti za zamani tulizitupa, kwani zikishakazwa kwa miaka hurefuka na hazishiki tena kama inavyotakiwa.

Gharama ilikuwa kubwa kuliko tulivyotazamia, na tuliigawana. Kaka alitoa fungu lake bila maneno, ila kwa sharti kwamba kazi ifanyike mbele ya macho yetu na vipande vya zamani virudishwe nyumbani vyote. Lile bamba lililochomelewa lipo, limetundikwa ukutani mwa banda la gari.

Tulilijaribu gari likiwa tupu, kisha na mawe ya kilo mia tatu, kisha likiwa na sisi wenyewe pasipo watoto. Kutoka Tanga hadi Muheza na kurudi halikuvuta upande. Baada ya kilomita mia chache za kwanza tulizikaza tena yubolti, na kwa hakika nati mbili kati ya nane zilikubali kuzunguka kidogo. Vipimo vya futi kamba vya kila kona, pamoja na tarehe, vimeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva, ili yeyote miongoni mwetu atakayechukua ufunguo apime kwanza. Wiki iliyopita kaka alikuja mapema, akapima pande zote nne, akamfungulia mama mlango wa mbele, wakaenda Lushoto.